Kutoa Sasa, Kusubiri, au Kuipeleka Sebuleni: Tarehe ya Filamu Kubwa na Mfuko wa Mwongozaji Wakati wa Janga

Kumbi za sinema zilipofungwa karibu dunia nzima mnamo Machi 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, studio za Hollywood zilibaki na filamu zilizokwisha kukamilika, nyingi zikiwa zimegharimu dola milioni 150, 200 au zaidi, na hazikuwa na mahali pa kuzionyesha. Kwa muda wa karibu miaka miwili iliyofuata likafanyika jaribio ambalo hakuna aliyelipanga: studio moja iliipeleka filamu yake kwenye kumbi zilizofunguliwa nusu, nyingine ikaziweka zake kabatini, na nyingine ikaziingiza moja kwa moja kwenye televisheni za majumbani. Ulinganisho huu unaziangalia njia hizo kwa upande wa mtu mmoja tu, yaani mwongozaji. Mengi yaliyoandikwa wakati ule yalihesabu faida na hasara za studio, ilhali tarehe iliyo nzuri kwa studio yaweza kuwa mbaya kwa aliyeiongoza filamu, na iliyo mbaya kwa studio yaweza kumwachia yeye malipo manono.

Kabla ya tarehe kuna mkataba

Haiwezekani kusema tarehe ipi inamfaa mwongozaji kabla ya kujua analipwaje. Wapo wanaolipwa kwa mkupuo: fedha hutoka kwa awamu tangu maandalizi hadi filamu inapokabidhiwa, kisha basi. Wapo wanaoongezewa bonasi kila mauzo ya tiketi yanapovuka kiwango fulani, kwa mfano dola milioni 300, kisha 400, kisha 500. Wapo walioahidiwa asilimia ya faida halisi. Na wapo wachache sana, wanaohesabika kwa vidole, wenye asilimia ya mapato ghafi tangu dola ya kwanza, ambao hulipwa hata kama studio yenyewe haijarudisha gharama zake.

Kundi la tatu lina sifa mbaya, na linastahili. Studio hutoa kwanza ada ya usambazaji, gharama za matangazo, riba ya fedha zilizokopwa na sehemu ya gharama za ofisi zake, na baada ya makato hayo filamu iliyojaza kumbi inaweza kuandikwa vitabuni kuwa ina hasara. Mfano unaotajwa hadi leo ni kesi ya mwandishi Art Buchwald dhidi ya Paramount kuhusu Coming to America, filamu ya mwaka 1988 iliyouza tiketi za zaidi ya dola milioni 200 lakini ambayo, kwa hesabu za studio, haikuwa na faida ya kugawana. Mwaka 1990 mahakama ya California ilisema kwamba baadhi ya vifungu vya kukokotoa faida katika mkataba ule vilikandamiza upande mmoja kupita kiasi, na baadaye pande mbili zikapatana. Hesabu za namna hiyo hazikufutika kwa sababu ya kesi ile, na mwongozaji mwenye ahadi ya faida halisi hana sababu kubwa ya kugombania tarehe, kwa kuwa Julai au Desemba, kwa tiketi au kwa intaneti, uwezekano mkubwa ni kwamba hatapata kitu.

Jambo la pili la kuweka sawa ni maana ya mapato ghafi. Dola inayolipwa dirishani haiendi yote kwa msambazaji, yaani studio, na mapato ghafi ni ile sehemu inayomfikia. Nchini Marekani msambazaji hubaki na nusu au zaidi kidogo, katika nchi nyingi nyingine hubaki na chini ya nusu, na nchini China filamu ya kigeni inayoingia kwa mgawo wa mapato humpa msambazaji wake senti 25 tu kwa kila dola. Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba filamu imeingiza dola milioni 300, swali la kwanza la mwongozaji mwenye asilimia linapaswa kuwa zimeingia wapi, maana milioni 300 zilizotoka zaidi Marekani na milioni 300 zilizotoka zaidi Asia hazilingani hata kidogo zinapofika kwenye hundi. Wakati wa janga suala hili lilikuwa na uzito kuliko kawaida, kwa sababu masoko hayakufunguka kwa pamoja: China, Japani na sehemu za Ulaya zilitangulia, huku miji mikubwa ya Marekani ikibaki imefungwa.

Njia ya kwanza: kutoka kumbi zikiwa zimefunguka nusu

Filamu iliyobeba njia hii karibu peke yake ni Tenet ya Christopher Nolan, iliyogharimu takribani dola milioni 200. Warner Bros. ilikuwa imeipangia Julai 17, 2020, wiki ambayo Nolan amezitolea filamu zake kadhaa, ikaisogeza hadi Julai 31, kisha Agosti 12, kisha ikaiondoa kwenye kalenda kwa siku chache. Mwishowe ilitoka Agosti 26 katika nchi nyingi nje ya Marekani, na Septemba 3 katika sehemu za Marekani ambako kumbi zilikuwa zimeruhusiwa kufunguliwa. New York na Los Angeles, miji miwili inayobeba sehemu kubwa ya mauzo ya filamu nchini humo, haikuwamo. Kumbi za New York zilikuja kufunguliwa Machi 5, 2021, tena kwa robo ya viti tu, na za Los Angeles siku chache baadaye.

Wikendi ya kwanza Marekani ilileta takribani dola milioni 20, na safari nzima nchini humo iliishia karibu milioni 58. Duniani kote tiketi zilifikia takribani milioni 363. Kwa mwaka ambao mauzo ya tiketi Marekani na Kanada yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 11 hadi kama bilioni 2, hicho hakikuwa kiasi cha kudharauliwa, na Nolan mwenyewe alisema hadharani mwishoni mwa mwaka kwamba aliridhika nacho na kwamba alihofia studio zingejifunza somo lisilo sahihi. Kwa Warner Bros., hata hivyo, hesabu haikufungika, kwa kuwa nusu ya milioni 363 haifikii hata gharama za kuitengeneza, na matangazo bado hayajawekwa.

Hapa ndipo maslahi yanapoachana. Vyombo vya habari vya Hollywood viliripoti kwamba mkataba wa Nolan ulimpa asilimia 20 ya mapato ghafi tangu dola ya kwanza. Tuchukue, kwa mfano tu, kwamba msambazaji alibaki na nusu ya mauzo, yaani dola kama milioni 180. Asilimia 20 ya hizo ni milioni 36. Hesabu hii ni ya kukadiria na haidai kuwa hundi halisi, lakini inaonyesha umbo la jambo lenyewe: filamu ileile iliyomtia hasara mwenye fedha inaweza kumlipa mwongozaji wake kiasi ambacho wenzake wengi hawakioni maisha yao yote.

Kutokana na hilo ikazuka dhana, na bado inarudiwa, kwamba Nolan aliisukuma filamu itoke mapema kwa sababu ya asilimia zake. Sikubaliani nayo, na sababu ni ya kihesabu, wala si ya kumtetea mtu. Mwenye asilimia ya dola ya kwanza halipi riba ya mkopo uliotengeneza filamu, hapotezi fedha za matangazo yaliyorushwa bure, wala hadaiwi na wanahisa wanaotaka kuona mapato ndani ya robo ya mwaka. Kusubiri hakumgharimu kitu zaidi ya muda. Wakati huohuo, kila kiti kitupu kinampunguzia. Dunkirk, filamu yake iliyotangulia, iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 500 mwaka 2017, na Inception ya mwaka 2010 ilivuka milioni 800. Kwa mfuko peke yake, mtu mwenye mkataba wa namna hiyo alipaswa kuwa wa mwisho kutaka filamu yake itoke mwezi ambao New York imefungwa. Kama Nolan alitaka Tenet iwe ndiyo itakayowarudisha watu kumbini, na makala aliyoiandika katika Washington Post Machi 2020 kutetea kumbi na wafanyakazi wake inaelekeza huko, basi alitaka jambo lililomgharimu. Mtu anaweza kulilaumu kwa upande wa afya ya umma, lakini kuliita tamaa ya fedha ni kusoma mkataba kinyumenyume.

Athari kwa wengine zilikuwa kubwa kuliko kwake. Ndani ya majuma machache baada ya Tenet kutoka Marekani, Warner Bros. iliisogeza Wonder Woman 1984 kutoka Oktoba hadi Krismasi, Disney ikaihamisha Black Widow hadi mwaka uliofuata, na filamu ya James Bond ikaahirishwa kwa mara nyingine. Mmoja alikuwa ametangulia majini, wengine wakapima kina kwa kumtazama.

Njia ya pili: kusubiri

No Time to Die, iliyoongozwa na Cary Joji Fukunaga, ndiyo filamu kubwa ya kwanza ya Hollywood kuahirishwa. Machi 4, 2020, kabla hata kumbi nyingi za Ulaya na Marekani hazijafungwa, ilihamishwa kutoka Aprili hadi Novemba. Oktoba ikahamishwa tena hadi Aprili 2021. Kisha ikaishia kutoka Septemba 30 nchini Uingereza na Oktoba 8 nchini Marekani. Iliuza tiketi za takribani dola milioni 774 duniani. Ukiilinganisha na Tenet, hiyo ni zaidi ya maradufu. Ukiilinganisha na Spectre, Bond iliyoitangulia mwaka 2015 ambayo ilipata karibu milioni 880, utaona kwamba mwaka mmoja na nusu wa kusubiri haukutosha kuyarudisha yote.

Wapo waliosubiri zaidi na wakapata zaidi. Top Gun: Maverick ya Joseph Kosinski ilikuwa itoke Juni 2020. Ilisogezwa hadi Desemba mwaka huohuo, kisha Julai 2021, kisha Novemba, na mwishowe ikatoka Mei 27, 2022, karibu miaka miwili baadaye. Mauzo yake yalifikia karibu dola bilioni 1.5. Ni vigumu kupata hoja nzito zaidi ya kusubiri, lakini inafaa kuangalia kilichokuwa kikiendelea upande wa pili wa nyumba ileile: Paramount ilipokuwa ikiilinda filamu hii iende kumbini tu, iliziuza nyingine kwa makampuni ya intaneti. The Trial of the Chicago 7 ilikwenda Netflix mwaka 2020, na Coming 2 America, mwendelezo wa filamu ileile iliyozaa kesi ya Buchwald, ilikwenda Amazon Machi 2021. Studio haina mfuko usio na mwisho, na filamu inayosubiri husubiri kwa sababu kuna nyingine zilizoleta fedha. Mwongozaji anayeambiwa kwamba yake itasubiri anapaswa kufurahi. Mwongozaji wa ile iliyouzwa anastahili kuuliza mgawo wake wa baadaye umekwenda wapi.

Gharama ya kusubiri kwa mwenye fedha si siri. Filamu ya dola milioni 170 iliyokopewa kwa riba ya asilimia 5 hula takribani milioni 8.5 kwa mwaka ikiwa imekaa kabatini, bila kuhesabu matangazo yanayopaswa kurudiwa. A Quiet Place Part II ya John Krasinski ni mfano mchungu wa hilo la matangazo: ilizinduliwa New York Machi 8, 2020, ikiwa itoke Machi 20, na mabango na matangazo ya televisheni yalikwisha kulipiwa, kisha siku chache kabla ya kutoka ikaondolewa. Ilionekana kumbini Mei 28, 2021, ikapata karibu dola milioni 297, kiasi kizuri kwa filamu iliyogharimu kama milioni 60. Lakini studio ilikuwa imeamua kwamba siku 45 baada ya kutoka itahamia Paramount+, huduma yake ya filamu kwa intaneti, na iliripotiwa kwamba Krasinski na mwigizaji mkuu Emily Blunt waliomba fidia kwa sababu muda wa filamu yao kubaki kumbini ulikuwa umekatwa. Kusubiri, kwa maneno mengine, hakumhakikishii mwongozaji kwamba masharti aliyoyajua siku ya kutia saini yatakuwa yaleyale siku filamu inapotoka.

Kwa mwenye bonasi zinazofunguka kwa viwango vya mauzo, njia hii ndiyo bora kwa mbali, na ina nyongeza moja ndogo ambayo haitajwi sana. Viwango hivyo huandikwa kwa dola za siku ya mkataba. Mfumuko wa bei Marekani ulipanda hadi kuvuka asilimia 9 kwa mwaka katikati ya 2022, na bei za tiketi nazo hazikubaki chini, kwa hiyo kiwango cha milioni 400 kilichoandikwa 2018 kilikuwa rahisi zaidi kufikiwa. Dola yenyewe, bila shaka, ilikuwa imepungua nguvu, lakini bonasi iliyopungua nguvu ni afadhali kuliko ile isiyofunguka kabisa.

Hatari ya kweli ya kusubiri iko kwingine: kumbi zenyewe. Siku chache tu baada ya Bond kuahirishwa Oktoba 2020, kampuni ya kumbi za sinema ya Cineworld ilitangaza kufunga kumbi zake zote za Uingereza na Marekani, na kiasi cha wafanyakazi 45,000 wakaathirika. Studio zote zikisubiri kwa pamoja, mahali panaposubiriwa panaweza kufa kabla filamu haijafika.

Njia ya tatu: kumbini na sebuleni siku moja

Hii ndiyo njia iliyozaa ugomvi mwingi, na ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu inagusa maneno ya mikataba ambayo hakuna aliyefikiri kuyabadilisha kabla ya 2020.

Wonder Woman 1984 ya Patty Jenkins ilitoka Desemba 25, 2020 nchini Marekani, kumbini na kwenye HBO Max, huduma ya intaneti ya kampuni mama ya Warner Bros., siku hiyohiyo, bila malipo ya ziada kwa aliyekwisha kujiandikisha. Mauzo yake duniani yaliishia karibu dola milioni 169, wakati ya kwanza ya mwaka 2017 ilikuwa imevuka milioni 820. Kama bonasi za Jenkins zingebaki zikihesabiwa kwa tiketi peke yake, zingekuwa karatasi tupu. Iliripotiwa kwamba kabla ya uamuzi kutangazwa, Warner Bros. ilikubali kumlipa yeye na mwigizaji wake mkuu, Gal Gadot, zaidi ya dola milioni 10 kila mmoja, kana kwamba filamu ilikuwa imefanya vizuri. Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora ambao mwongozaji aliupata katika njia hii wakati wote wa janga, na ubora wake hautokani na ukubwa wa kiasi, bali na wakati: mazungumzo yalifanyika akiwa bado na kitu cha kukataa.

Wenzake hawakupewa nafasi hiyo. Desemba 3, 2020, Warner Bros. ilitangaza kwamba filamu zake zote 17 za mwaka 2021 zingetoka kumbini na HBO Max siku moja, na waongozaji wengi walipata habari muda mfupi tu kabla ya dunia nzima kuzipata. Legendary, kampuni iliyotoa sehemu kubwa ya fedha za Dune na Godzilla vs. Kong, nayo haikushirikishwa. Nolan, aliyekuwa amefanya kazi na studio hiyo kwa karibu miongo miwili, aliikosoa kwa ukali, na Denis Villeneuve, mwongozaji wa Dune, aliandika katika jarida la Variety kwamba uamuzi ule haukuonyesha upendo wowote kwa sinema wala kwa watazamaji. Baada ya kelele hizo studio ililazimika kukaa na watu wake mmojammoja, na iliripotiwa kwamba jumla ya malipo ya kuwaridhisha ilivuka dola milioni 200. Ukitazama kwa utulivu, unaona kwamba mkataba wa zamani uligeuzwa kuwa ununuzi wa mkupuo baada ya kazi kukamilika, bei ikipangwa na mnunuzi ambaye tayari alikuwa na mzigo mkononi.

Dune inastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu mapato ya mwongozaji hayaishii kwenye filamu moja. Ilitoka Marekani Oktoba 22, 2021, baada ya kuwa imetangulia katika nchi kadhaa za Ulaya mwezi uliopita, na HBO Max iliionyesha kuanzia siku iliyotangulia. Wikendi ya kwanza Marekani ilikuwa takribani dola milioni 41, na jumla ya dunia karibu milioni 400. Bila sebule pengine ingepata zaidi, hasa kwa kuwa nakala safi za wizi zilienea mara moja, jambo ambalo filamu iliyo kumbini tu huweza kuliepuka kwa muda. Hata hivyo, siku nne baada ya kutoka, sehemu ya pili iliidhinishwa rasmi. Sehemu hiyo ilitoka Machi 2024 kumbini tu na kuvuka milioni 700. Kwa Villeneuve, basi, filamu iliyotolewa kwa njia aliyoichukia ilimfungulia ujira wa filamu iliyofuata, na mtu anayepima njia hizi kwa mauzo ya wikendi ya kwanza ataukosa ukweli huo.

Disney ilichukua umbo lingine: mtazamaji wa nyumbani alilipa dola 29.99 juu ya ada ya mwezi ya huduma yake ya intaneti, Disney+. Ilianza na Mulan ya Niki Caro Septemba 2020, ambayo Marekani haikuingia kumbini kabisa, kisha ikaendelea na Black Widow ya Cate Shortland Julai 9, 2021. Wikendi ya kwanza ya Black Widow ilileta dola milioni 80 kwa tiketi za Marekani na Kanada, na Disney ikatangaza kwamba zaidi ya milioni 60 nyingine zilitoka kwa wanunuzi wa nyumbani duniani. Tofauti ya fedha hizo mbili ndiyo kiini cha yote. Tiketi ya dola 10 hugawanywa na mwenye ukumbi, dola 29.99 za nyumbani hubaki karibu zote kwa studio, na kama mkataba unataja mauzo ya tiketi peke yake, mwenye bonasi haoni hata senti yake. Scarlett Johansson, mwigizaji mkuu na mmoja wa watayarishaji watendaji, alifungua kesi Los Angeles Julai 29 akidai kwamba aliahidiwa filamu itatoka kumbini peke yake. Disney ilijibu kwamba alikwisha kulipwa dola milioni 20. Na kufikia Septemba 30 walikuwa wamepatana. Kesi ile ilikuwa ya mwigizaji, lakini kila mwongozaji mwenye kifungu kama chake aliisoma kana kwamba jina lake limo.

Njia ya nne ipo, ingawa haikuwa ya dharura: kuuza vyote mapema. Rian Johnson na mtayarishaji mwenzake waliiuzia Netflix miendelezo miwili ya Knives Out Machi 2021, kwa kiasi kilichoripotiwa kuvuka dola milioni 450. Hapo hakuna wikendi ya kwanza ya kuogopa, hakuna kiwango cha kuvuka, na tarehe ya kutoka haimhusu mwongozaji kifedha hata kidogo. Kinachokosekana ni uwezekano wa muujiza, kwani filamu ikipendwa na dunia nzima, malipo ni yaleyale.

Nani achague ipi

Mwongozaji anayelipwa kwa mkupuo bila nyongeza hana sababu ya kifedha ya kuitaka tarehe ya mbali. Fedha zake zimekwisha kutoka, na filamu inayokaa kabatini miaka miwili humnyima kitu pekee anachoweza kukiuza tena, yaani jina linalotajwa mwaka huu. Kwake, kutoka mapema, hata sebuleni, si kushindwa, na watayarishaji wanaomsihi awe na subira kwa heshima ya sanaa wanamwomba alipie subira ambayo faida yake itakwenda kwao.

Mwenye bonasi za viwango achague kusubiri, na akikataliwa, asikubali sebule kabla viwango havijabadilishwa kwa maandishi. Namna rahisi ni kuhesabu kila ununuzi wa nyumbani sawa na mauzo ya tiketi kwa bei yake kamili. Namna bora zaidi, kwa huduma ambayo mtazamaji halipii filamu mojamoja, ni kukubaliana kwamba viwango fulani vitahesabiwa kuwa vimefikiwa siku filamu inapoonyeshwa majumbani. Jenkins alipata kitu cha aina hiyo. Wengi wa wale wa filamu 17 walikipata baada ya kugomba, na kugomba baada ya tangazo ni kazi ngumu kuliko kukaa mezani kabla yake.

Mwenye asilimia ya dola ya kwanza anaweza kusubiri kuliko wote, kwa kuwa riba si yake, na ndiyo sababu studio huwa na haraka kuliko yeye. Ila naye ana jambo la kuchunga: asilimia hiyo ni ya mapato gani? Kampuni mama inapoipa huduma yake yenyewe ya intaneti filamu ya studio yake yenyewe, hakuna bei ya soko iliyopita mikononi, na asilimia 20 ya bei waliyopangiana ndugu wawili wa nyumba moja yaweza kuwa ndogo kadiri wao wanavyotaka.

Nolan aliliweka hilo sawa kwa kuhama. Mwaka 2021 aliipeleka Oppenheimer kwa Universal, na masharti yaliyoripotiwa yalihusu tarehe na mahali kama yalivyohusu fedha: bajeti ya takribani dola milioni 100, asilimia 20 ya mapato ghafi, muda mrefu wa filamu kubaki kumbini peke yake, na majuma kadhaa kabla na baada ya kutoka ambamo studio haingetoa filamu nyingine. Ilitoka Julai 21, 2023 na kuvuka dola milioni 950. Waongozaji wenye uwezo wa kudai hayo yote ni wachache mno, lakini kifungu kimoja kati ya hivyo kiko ndani ya uwezo wa karibu kila mtu mwenye wakili: kwamba filamu ikihamishwa kutoka ukumbini kwenda nyumbani, au muda wake wa ukumbini ukipunguzwa, malipo yatajadiliwa upya kabla ya tangazo lolote kutolewa, na bila makubaliano hayo filamu haihami.